Mlango ule ule, komeo lile lile: miaka yangu ya kuota vibaya

Saa tisa na dakika arobaini usiku. Hiyo saa naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Naweza kuamka gizani bila kugusa simu nikakwambia ni saa ngapi na nikakosea kwa dakika kumi tu, maana kwa karibu miaka sita hiyo ndo imekuwa taimu yangu ya kukurupuka kitandani, jasho mgongoni, shuka limenizonga miguuni, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, na mkono wa kulia umekunja ngumi mpaka kucha zimeacha alama kwenye kiganja. Mkono wa kulia siku zote. Nitafika hapo.

Ndoto yenyewe nitaisimulia kwa kifupi kwa sababu ndoto ya mtu mwingine haina utamu, ni kama kuonyeshwa picha za harusi ya watu usiowajua. Niko kwenye chumba kidogo, kina mlango wa mbao, rangi ya bluu imebanduka banduka. Nje kuna mtu anagonga. Hagongi kwa fujo, anagonga taratibu, mara tatu, anatulia, mara tatu tena. Halafu ananiita kwa jina langu la utotoni, lile ambalo limebaki na watu wanne tu duniani wanaolitumia, na sauti ni ya mama yangu mzazi. Na mimi kwenye ndoto najua, sijui nimejuaje ila najua, kwamba huyo siyo mama. Nashika komeo nifunge. Komeo fupi. Limebakiza kama upana wa kidole kufika kwenye tundu lake. Navuta, nasukuma, nalipindisha, wapi. Basi nalishikilia hivo hivo kwa mkono, bega nimeliegemeza mlangoni, na kule nje anasema "Fungua mwanangu, ni mimi."

Imeisha. Hakuna damu, hakuna nyoka, hakuna anayenikimbiza. Mlango haujawahi kufunguka hata siku moja. Kila nikimsimulia mtu ananitazama kama bado anasubiri sehemu ya kutisha.

Wiki mbaya ilikuwa inakuja mara nne, wiki nzuri mara moja, na nafasi zilizobaki zilijazwa na vindoto vingine ambavyo navyo havikuwa vya amani: nimechelewa mtihani wa somo ambalo sikuwahi kulisoma, meno yananidondoka mkononi moja moja, nimesimama mbele ya watu nina kiatu kimoja. Hizo nilikuwa nazichukulia kama manyunyu tu. Mlango ndo ulikuwa gharika.

Sasa kitu ambacho watu hawakielewi, na hata mimi kilinichukua muda, ni kwamba ndoto yenyewe sio shida kubwa. Ndoto ni dakika chache. Shida ni jioni. Kuanzia saa mbili usiku hivi naanza kuhisi kitu tumboni, kama mtu aliyeitwa kwa bosi na hajaambiwa kosa lake. Ikifika saa nne wenzangu wanapiga miayo, mimi ndo kwanza nakumbuka kwamba kabati halijapangwa. Nimewahi kupiga pasi nguo za wiki nzima saa saba usiku. Nimewahi kuangalia video ya mtu anafungua na kufunga saa ya mkononi, kipande kimoja kimoja, lisaa lizima, na mimi mwenyewe sivai saa. Chochote, mradi nisizime taa. Mume wangu alishafika mahali akadhani kuna mtu nachati naye, na siku aliponiuliza, kwa ile sauti ya upole ya mtu aliyejiandaa siku tatu, nilicheka mpaka nikalia, halafu nikamwambia ukweli kwamba naogopa kulala. Mtu mzima. Mama wa watoto wawili, naogopa kulala kama mtoto wa miaka mitano.

Na huo ndo mtego wenyewe, maana kukesha hakusaidii, kunazidisha. Mwili ukinyimwa ule usingizi wa ndoto unaweka deni, na siku ukiuachia unajilipa kwa mkupuo, ndoto zinakuja nyingi, ndefu, na kali. Pombe nayo ni hivo hivo, mtu anapiga glasi mbili tatu ili alale kama pono, na kweli nusu ya kwanza ya usiku analala, ila ikishuka damuni ndoto zote zilizozuiliwa zinamwagika alfajiri. Nilijaribu hiyo njia kwa muda mfupi, sijivunii, na sitasema zaidi.

Ile saa tisa na dakika arobaini ilinisumbua sana kichwani. Niliwahi kuamini kuna kitu kinakuja saa hiyo. Baadaye nikasoma, nikaona kumbe mwili una ratiba yake. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, kila mzunguko kama dakika 90 hivi, unazama chini kwenye usingizi mzito halafu unapanda juu kwenye ule wanaouita REM, ambapo macho yanachezacheza haraka chini ya kope na ndoto nyingi kali zinatokea hapo. Mwanzo wa usiku usingizi mzito ndo unachukua nafasi kubwa na REM inapita dakika chache tu, ila kadiri kunavyokaribia kucha REM inazidi kurefuka. Kwa hiyo mtu anayelala saa tano kama mimi, ndoto zake ndefu zitamkuta kuanzia hiyo saa tisa kwenda mbele. Siku nilipolala saa nane nikaamka saa kumi na mbili na nusu na ngumi yangu ile ile, nilikaribia kushangilia. Hakuna kitu kinachokuja saa tisa. Ni hesabu tu.

Na hii habari ya macho kuchezacheza sio ya zamani kihivo. Walioiandika ni Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1953. Aserinsky alikuwa mwanafunzi, hana hela, ana mashine kuukuu ya kurekodi mawimbi ya ubongo, na mmoja wa watu wa kwanza aliowabandika nyaya kichwani usiku alikuwa mtoto wake mwenyewe wa miaka 8. Huwa namuwaza sana huyo mtoto. Baba yako anakukalisha na nyaya usoni, anakwambia lala mwanangu, yeye yuko chumba cha pili anaangalia kalamu zikichora. Mimi ningeota milango mpaka leo.

Hapa naomba niseme kuhusu jinamizi maana watu wanachanganya, kila ndoto mbaya wanaiita jinamizi. Jinamizi lenyewe, lile la kukabwa, ni kitu kingine. Unakuwa umeamka, unaona chumba, unaona pazia, ila huwezi kunyanyua hata kidole na kuna uzito kifuani na mara nyingi unahisi kuna mtu chumbani. Kinachotokea ni kwamba wakati wa REM ubongo unaufungia mwili misuli ili usitende unachokiota, sasa wewe umeamka kabla haujafunguliwa. Mimi limenipata kama mara tano maishani, zote nimelala chali, na kulala chali kunajulikana kuwa kunalivuta. Linaachia lenyewe. Mimi huwa sihangaiki na mwili mzima, nahangaika na kidole gumba cha mguu tu, kikicheza basi vyote vinafuata. Halafu kuna wale watoto wanaokaa kitako usiku wanapiga mayowe macho wazi na asubuhi hawakumbuki chochote, hiyo nayo sio ndoto mbaya, inatokea kwenye usingizi mzito mwanzoni mwa usiku, na anayeumia zaidi ni mzazi. Na mwisho, ukiona mtu, hasa mwanaume aliyevuka miaka 50, anarusha ngumi na mateke usingizini kana kwamba anapigana kweli na anachokiota, usiishie kumcheka, mpeleke akaonwe, maana ile kufuli ya misuli inapoacha kufanya kazi saa zingine ni dalili ya mapema ya magonjwa kama Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka.

Mimi sirushi ngumi. Mimi naweweseka. Mume wangu anasema nasema "haifiki, haifiki" kwa sauti ya chini, haraka haraka. Mwanzoni alikuwa ananitikisa bega, na mimi nikiwa bado nusu niko kule, bega ndo hilo hilo lililoegemea mlango, ukilisukuma unadhani nini kitatokea? Niliwahi kumkwangua shavu. Tukakubaliana kitu kingine: anawasha taa ndogo kwanza, hanigusi, anakaa mbali kidogo, anataja jina langu kamili la kwenye vyeti, sio la utotoni, halafu ananiuliza swali la kijinga kama "kesho nani anawapeleka watoto?" Nikijibu swali ndo nimerudi. Kuna siku nilijibu "wewe" kabla sijafungua macho, na mpaka leo ananidai hiyo.

Ushauri niliopewa hii miaka ungejaza daftari. Unaochosha kuliko wote ni "usifikirie". Usifikirie kabla ya kulala, fikiria vitu vizuri, fikiria bahari. Jamani. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, mwaka 1987 yeye na wenzake waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe, na kila dubu akija kichwani wapige kengele. Kengele zilipigwa. Halafu mwaka 2004 yeye na wenzake wakapeleka jambo kitandani: waliwaambia watu wamfikirie mtu fulani kabla ya kulala, na wengine wakaambiwa wasimfikirie kabisa, na waliokatazwa ndo walimuota zaidi. Nilipoisoma hiyo niliiacha simu kwenye meza, nikakaa. Miaka mingapi nimekuwa nikilala huku najiambia mlango usije, mlango usije, kumbe naupigia simu.

Kundi la pili ni wa tafsiri. Mlango maana yake fursa, bluu maana yake safari, sauti ya mama maana yake mpigie simu mama. Sasa huyo wa mwisho nilimsikiliza, nikampigia. Mama yangu mzima wa afya, nashukuru. Nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa mimi nimekukosea nini mwanangu mpaka nikutishe usiku?" Nikamwambia mama, ndo maana nakwambia siyo wewe. Akasema, "Basi mwambie huyo atafute sauti yake." Hiyo sentensi imenisaidia kuliko tafsiri zote.

Mimi nina ubishi wangu hapo kwenye tafsiri. Sisemi ndoto hazina maana, sijui, wakubwa wa saikolojia wenyewe wanavutana. Ninachosema ni kwamba nilitafuta maana kwa miaka minne na ndoto haikujali. Ilikuwa inakuja imevaa vile vile. Ni kama bomba linavuja jikoni na wewe umekaa sebuleni unajiuliza maji yanataka kukwambia nini.

Kilichoanza kubadilisha mambo ni kitu cha kipuuzi kabisa, karatasi ya dawa. Nilikuwa nakunywa propranololi kwa ajili ya kipandauso, na nilikwenda kliniki kwa habari ya kipandauso hicho hicho, sio ndoto. Nikaropoka tu kwamba silali vizuri naota sana. Dokta akaacha kuandika. Akaniuliza zilianza lini. Nikahesabu. Zilikuwepo tangu zamani, ila kuzidi kutoka mara moja kwa wiki mpaka mara nne kulikuja mwezi ule ule nilioanza vidonge. Kumbe dawa za kundi hilo zinajulikana kwa kuleta ndoto mbaya kwa baadhi ya watu, na sio hizo peke yake: baadhi ya dawa za msongo na huzuni zinafanya hivo, efavirenzi ya kwenye ARV ilisumbua wengi usiku, meflokwini ya malaria ndo usiseme. Alinibadilishia taratibu, na alinisisitiza nisiikate ghafla mwenyewe, moyo hautaki utani, kwa hiyo na wewe unayesoma hapa usikimbilie kutupa vidonge vyako, nenda kaulize. Aliniuliza pia kama nakoroma na kuamka nimekabwa pumzi, maana wanaozibwa pumzi usingizini nao huota vibaya na wakitibiwa pumzi ndoto zinapungua. Sikoromi. Mume wangu ana maoni tofauti lakini hii ni blogu yangu.

Vidonge vilipobadilika, ndani ya wiki tatu hivi nikashuka mpaka mara moja au mbili kwa wiki. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza nakunywa nini. Na mimi sikusema, kwa sababu mtu anaendaje kwa daktari kusema naota vibaya? Naona aibu hiyo ndo inawafanya wengi wakae nayo kimya, na sisi sio wachache, inakadiriwa kati ya watu wazima 100 kama 2 mpaka 6 wanaota ndoto za kutisha kila wiki.

Mara moja kwa wiki bado ni mlango. Dokta akanielekeza kwa mshauri, dada mmoja mtulivu sana, anaongea kama vile kila neno linalipiwa kodi. Nilienda nimejiandaa kusimulia utoto wangu wote. Hakuutaka. Alisema, "Andika ndoto yako. Halafu ibadilishe, popote unapotaka, vyovyote unavyotaka. Halafu uirudie ile mpya kichwani kila siku, dakika 10 mpaka 20, mchana, ukiwa macho." Nikasubiri aendelee. Kumbe ndo hivo tu. Nilimtazama kama ninavyotazamwa mimi nikimaliza kusimulia mlango.

Nikarudi nyumbani nikachimba kama kawaida yangu. Njia hiyo ilipigiwa debe sana na daktari mmoja anaitwa Barry Krakow, na mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 168 waliokuwa wamepitia ukatili wa kingono, watu wenye ndoto ambazo mlango wangu ukikaa karibu nazo unaona aibu, na waliofundishwa kuziandika upya ndoto zao zilipungua, na usingizi ukawa bora. Nikasoma pia kuhusu prazosini, dawa ya presha ambayo ilitegemewa sana kwa ndoto za wanajeshi wa Marekani waliorudi vitani, mpaka utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ukaonyesha kwa wanajeshi 304 haikushinda kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani. Wapo ambao bado inawasaidia, hilo ni la wewe na daktari wako. Mimi nilikuwa nimeshachoka na vidonge. Nikachukua daftari.

Na hapo ndo nilipoharibu. Dada aliniambia nianze na ndoto ndogo, isiyotisha sana, nipate mazoezi kwanza. Mimi nikaona hayo ni mambo ya watoto, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango. Nikaandika kwamba naufungua, na nje ni mama kweli, tunakumbatiana, tunacheka. Nzuri eeh? Kila nikiirudia mchana moyo unaenda mbio, kwa sababu sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inasema umefungua, umefungua, mjinga wewe umefungua. Siku tatu mfululizo usiku niliota, na mara moja niliamka mkono uko kwenye taa na taa iko chini. Nikarudi kwa dada nimenywea. Hakusema "nilikwambia". Alisema, "Una ndoto gani nyingine?"

Kiatu kimoja. Tukaanza na kiatu kimoja. Nikaandika: nimesimama mbele ya watu, nina kiatu kimoja, nafungua mkoba, cha pili kimo ndani, nakivaa. Mistari minne. Nilikuwa nairudia kichwani kila mchana baada ya chakula, macho nimefumba, nakisikia kile kiatu kikiwa baridi ndani, kisigino kikigoma kidogo halafu kinaingia. Dada alisisitiza hiyo, usiseme tu "kikaingia", kisikie kinaingia. Siku ya tisa au ya kumi nikaota niko mbele ya watu, nikaangalia chini, kiatu kimoja, na bila hata kushtuka nikaanza kupekua mkoba. Kiatu hakikuwemo. Kulikuwa na viatu kama sita, vyote vya mguu mmoja. Lakini nilikuwa napekua! Sikuwa nimesimama kama mti. Niliamka nacheka.

Ndo tukarudi kwenye mlango. Safari hii dada aliniuliza, "Ukiwa pale, unataka nini?" Nikafikiria. Sitaki kumjua aliye nje. Sitaki kukumbatiana na mtu. Nataka komeo lifike. Akasema basi andika hivo. Nikamuuliza, hivo tu? Akasema komeo ni lako.

Nikaandika: nashika komeo, nalisukuma, linafika, linaingia kwenye tundu na mlio wa chuma, tak. Naachia mkono. Nakaa chini.

Ni siku hiyo naandika, kwenye neno "tak", ndo nilikumbuka. Bafu la shule ya bweni, nina miaka 13. Mlango wa mbao wa bluu. Komeo lilikuwa limepigiliwa upande, halifiki kwenye tundu, na kila msichana aliyeoga pale alioga kwa mkono mmoja, wa kulia umeshika komeo, wa kushoto unashika sabuni. Hakuna aliyewahi kuingia kwa nguvu. Hakuna kibaya kilichotokea. Walikuwa wanagonga tu wenzangu, fanya haraka. Miaka minne ya kuoga kwa mkono mmoja, nikaisahau kabisa, na mwili ukaiweka. Nilimwambia dada kwa furaha ya mtu aliyegundua dhahabu, akatikisa kichwa, akasema vizuri, na mazoezi unafanya? Nikawaambia wanafunzi wenzangu wawili niliobaki nao kwenye kundi la simu, mmoja akajibu kwa sauti, "We! Lile komeo! Mi mpaka leo bafuni nashika kitasa," na tukacheka dakika kumi nzima, mtu mzima na mtu mzima.

Nilifanya mazoezi kila siku, dakika kumi, kwa wiki tano hivi. Haikuwa safari ya kunyooka. Wiki ya pili niliota komeo limefika halafu likalainika kama mpira. Wiki ya tatu hakuna kitu. Wiki ya nne nikaota limerefuka, limepita tundu, limetoboa ukuta, linaenda tu kama reli ya treni, na mimi nimesimama nalisukuma nashangaa litaishia wapi. Huko nje aliacha kugonga, nadhani naye alikuwa anashangaa.

Jioni nazo zikaanza kulegea, ila hizo zilichukua muda kuliko ndoto yenyewe. Tumbo lilikuwa limezoea kuogopa saa mbili usiku, likaendelea kuogopa hata kulipokuwa hakuna cha kuogopa. Nililazimika kulifundisha upya: kuamka saa ile ile hata kama nimelala vibaya, kutoangalia saa usiku nikishtuka, kuinuka kitandani nikiona dakika nyingi zimepita na macho makavu, kukaa kwenye kiti mpaka lepe la usingizi lirudi. Kupiga pasi usiku nimeacha. Kabati halijapangwa, na litabaki hivo.

Usiku wa Jumanne iliyopita mlango ulikuja tena, baada ya kama miezi mitatu. Wiki yenyewe ilikuwa na stresi, nilitegemea. Chumba kile, rangi ile, tatu, anatulia, tatu. "Fungua mwanangu, ni mimi." Nikashika komeo, nikasukuma, tak. Nikaachia mkono. Kimya kidogo, halafu nikasikia kule nje anasema, sio kwa sauti ya mama safari hii, sauti ya msichana tu, "Haya, ukimaliza unite," na kandambili zikaondoka, chap chap chap kwenye sakafu yenye maji.

Nikaamka. Sikuangalia saa. Mume wangu anakoroma upande wake. Nikainuka kwenda kuangalia kama nimefunga mlango wa chumba, nikapapasa gizani juu, chini, katikati, na ndo nikakumbuka mlango wetu ni wa kitasa na funguo, haujawahi kuwa na komeo. Nikaenda msalani, nikanywa maji, nikarudi kulala.